Jina la Mwali kwa Herufi za Mlazo

Fulana ya juu ilikuwa imekosewa, na Sikuzani hakuwa mtu wa kukosea. Jioni iliyotangulia alikuwa amezipanga kwa mikono yake mwenyewe juu ya meza ya kukatia karatasi, fulana nyeupe za sherehe ya mwanawe, zote zikiwa na maandishi yaleyale kifuani: *Hongera Mwali Maryam*. Asubuhi alipofungua duka, maandishi ya fulana ya juu yalikuwa yamelala upande wa kushoto.

Herufi zake zililala kulia siku zote; yeye ndiye aliyezilaza. Alidhani mashine imechapa kinyume, akawasha kompyuta kuhakikisha. Kwenye kioo zilikuwa sawasawa. Aliporudi mezani, fulana nayo ilikuwa sawasawa. Akajicheka, akasema usingizi wa asubuhi una mambo yake, kisha akafungua dirisha kwa sababu duka lilikuwa linanuka salfa.

Mwezi wa sita Masasi nzima hunuka salfa, wakulima wakiwa wanapuliza mikorosho, na ukikaa siku mbili unaisahau pua yako. Lakini salfa hupulizwa shambani. Duka lake lilikuwa Mkomaindo, si mbali na hospitali, na lilikuwa limefungwa milango na madirisha tangu jana. Hilo hakuliwaza.

Hizo herufi lazima tuzieleze kidogo, maana ndizo zilizompa mwanamke huyu riziki, na kiburi pia. Babu yake, fundi Cuthbert wa Newala, alikuwa akichonga majina kwenye viti na vifuniko vya masanduku. (Ndiyo, Cuthbert, kule Newala, uwandani, huyu anakwenda kanisani na huyu msikitini, na sufuria ni moja.) Alichonga ameketi chini, ubao ameubana kwa nyayo, mgongo umepinda, na kwa ukaaji ule herufi zake zote ziliinama kulia kama watu wanaopanda mlima. Kila mstari aliumaliza kwa kuugusa mara moja kwa patasi ili ubao usipasuke, kwa hiyo kila herufi ilikuwa na vikucha vidogo miguuni. Panapopanda mstari ulikuwa mwembamba, panaposhuka ulinenepa. Ilikuwa hati ya madaha, ya mtu asiyefika darasa la pili.

Masika nzima Sikuzani alizipiga picha zile herufi kwenye viti vya ndugu, akazichora upya kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Aligombana na mkia wa *y*. Aligombana na nafasi kati ya herufi na herufi, maana zikibanana zinapigana na zikiachana zinasutana. Herufi *M* peke yake ilimla wiki kadhaa, ikatoka na goti la mbele limekunjwa kidogo na ukucha umenyanyuka, akaipenda kuliko zote. Hati nzima akaiita Mlazo.

Basi Masasi ikaugua Mlazo. Kadi za harusi Mlazo, kadi za michango Mlazo, lebo za asali, ratiba za mazishi, madigadi za bodaboda. Muuza nyama mmoja sokoni aliandikiwa bango kwa Mlazo, na nyama yake ikaanza kuonekana imesoma.

Na kosa la Sikuzani lilikuwa hili. Mwanawe, Tausi, alikuwa Newala kwa bibi yake, Bi Somoe, ndani ya unyago. Katika ukoo wao msichana huingia ngomani na jina la utoto, akatoka na jina jipya, mara nyingi la marehemu wa ukoo. Jina hilo hukaa vinywani mwa wazee. Halitajwi na haliandikwi hadi siku ya kutoka, kungwi anapomnong'oneza mwali sikioni. Bi Somoe alikuwa amemwambia binti yake waziwazi, "Wewe andika *Hongera Mwali* tu, basi. Jina litasikiwa siku hiyohiyo na watu wote."

Lakini Sikuzani alilijua jina. Lilikuwa la bibi yake, mke wa fundi Cuthbert, aliyemlea na kumbeba mgongoni. Lilianza na ile *M*. Fulana bila jina, alisema, ni kadi ya harusi bila bwana harusi. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaandika, akachapa, akapanga.

Mchana ule umeme ulikatika. Jua lilikuwa utosini, barabara imenyamaza, hata bodaboda zimejificha vivulini. Sikuzani alizihesabu zile fulana kwa macho, akasikia kitu kinakwaruza. Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha unaopita juu ya kitambaa, unapanda, unashuka, unapanda tena, kama mtoto anayefundishwa kuandika. Akasimama. Ikanyamaza. Ili kujipa moyo akashika fulana moja, akasoma kwa sauti.

"Maryam."

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya msichana, yenye adabu, karibu kabisa. Sikuzani aligeuka akidhani ni mteja. Mlangoni hapakuwa na mtu, na nyuma ya mashine palikuwa na ukuta.

Angeweza kujidanganya hata hapo, lakini jirani yake Esther, muuza juisi, aliingia kuomba chenji, akaziona fulana, akapiga makofi. "Ee, zimependeza! Mwali Maryam!"

"Abee."

Esther akacheka. "Kumbe umeshamleta mjini? Yuko wapi? Mwanao ana adabu, Mama Tausi, wa kwangu ukimwita anakuuliza unataka nini." Akachungulia nyuma ya pazia. Alipotoa kichwa, kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mama Tausi," alinong'ona, "humu ndani tuko wawili tu."

"Najua."

"Sasa nani..."

"Esther, nenda nyumbani."

Esther hakungoja kuambiwa mara ya pili, na chenji aliisahau.

Simu ya Bi Somoe iliingia kabla alasiri haijaadhiniwa. Walisalimiana haraka, kisha mama akashusha sauti.

"Mtoto haongei. Tangu jana. Anakula, anatazama, lakini ukimwita haitiki. Na shingo yake imelala."

"Imelala upande gani?"

"Kulia. Kungwi Yasinta amemnyoosha, inarudi. Akitembea anatembea upande, kama kuna upepo unaomsukuma, na upepo hakuna. Sikuzani, mwanangu, niambie ukweli. Umeandika jina?"

"Nimeandika, mama."

Nyuma ya mama yake ngoma zilikuwa zikilia kwa mbali.

Jioni hiyo alichukua pikipiki hadi Lisekese, kwa Mwalimu Awadhi, mzee ambaye watu humwendea kwa mambo ya majini hata wale wanaosema hawayaamini. Mwalimu aliishika fulana kwa ncha za vidole, akaivuta harufu yake, akairudisha haraka.

"Uliliandika kabla mwenyewe hajalipokea," alisema. "Na uliliandika vizuri mno. Kitu kizuri kisicho na mwenyewe hakikai njiani siku nyingi. Umeshona nguo ya sikukuu, ukaianika nje bila mlinzi."

"Aliyeivaa ni nani, Mwalimu?"

"Jini ambaye hajawahi kuitwa na mtu. Siku ya kutoka, jina litaitwa, naye ataitika kabla ya mwanao. Akiitika na kupokelewa mbele ya watu, atakayetoka ngomani kuja kuishi kwako ni yeye."

"Na Tausi?"

"Atakula, atatembea. Lakini hutamwita akaitika tena maisha yake yote."

Sikuzani aliogopa, tusiseme uongo. Aliogopa hadi midomo ikamkauka. "Nifanye nini?"

"Mwachie. Choma fulana, futa hizo herufi zako, sema mbele ya mashahidi kwamba jina umempa. Mtoto mtafutie jina jingine. Huenda akamwachia shingo."

"Huenda?"

"Huenda."

Hapo ndipo woga ulipogeuka hasira, maana mwanamke huyu hakuumbwa kwa ajili ya huenda. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini jini akipewa leo jina la bibi yangu, kesho atataka na kitanda chake. Herufi ni za babu, sizifuti. Jina ni la bibi, siligawi. Na mtoto nilizaa mimi."

"Basi mimi siliwezi hili," alisema Mwalimu Awadhi, na kwa heshima yake alisema kweli.

Asubuhi Sikuzani alizifunga fulana zote ndani ya kanga, akapanda Noah ya Newala, furushi akaliweka kwenye kiti cha pembeni yake. Gari ilipoanza kupanda mlima ukungu ukaanza, na kadiri walivyopanda ndivyo ulivyoganda kwenye vioo. Kanga ilikuwa ya moto mkononi mwake kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Dereva akainua macho kwenye kioo chake.

"Mama, mwambie binti yako aegemee kiti. Amekaa wima mno, kichwa chake kinaniziba."

Sikuzani hakugeuza shingo kutazama pembeni. "Hana adabu huyo," alijibu. "Endesha, baba."

Furushi likakwaruza kidogo, likatulia.

Ua wa unyago ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Somoe, umezungushiwa fito na nyasi, na siku ile, siku ya kutoka, ukungu ulikuwa mzito hadi mikorosho ya jirani haikuonekana. Wali wengine walikuwa wameshatolewa alfajiri, amebaki mmoja. Sikuzani alimkuta mwanawe ameketi juu ya mkeka, amenyolewa, amepakwa mafuta, sikio lake la kulia limekaribia kugusa bega. Macho yalikuwa yake. Yalimtazama mama yake na kulia bila sauti. Sikuzani alipiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Nimekosa mimi. Nitalimaliza mimi."

Kungwi Yasinta alimvuta pembeni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. "Umetuaibisha. Kazi ya kalamu yako ni kadi. Haya ya huku si ya kuandikwa. Sasa nikimwita mtoto, litaitika hilo jingine. Tumpe jina lingine, tumalize."

"Ita jina lilelile," alisema Sikuzani. "Likiitika, liitike. Halafu lifanye anachofanya mwali akishaitika."

Kungwi akamtazama. Mwali akishaitika hupiga goti mbele ya mama zake wote waliomo ngomani, akawaamkia mmoja mmoja. Hadi wa mwisho amwitikie marahaba, jina bado si lake. Hilo kila mwanamke mle uani alilijua, maana kila mmoja alilifanya.

"Na kama likiamkia?" aliuliza Bi Somoe kwa sauti ya chini.

"Mama, Iblisi aliambiwa na Mungu mwenyewe amsujudie Adamu, akakataa kwa sababu yeye ni moto na Adamu ni udongo. Na jini huyu wa moto uleule ndiye atakayenipigia goti mimi, mchapa fulana?"

Kungwi Yasinta alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Wapigaji," aliita, "shikeni ngoma."

Wakaketi duara, kina mama na kina bibi, Tausi katikati upande mmoja wa mkeka. Upande wa pili Sikuzani akatandika fulana moja, kifua juu. Kungwi akainama sikioni mwa mtoto, akanong'ona. Kisha akaita kwa sauti kubwa.

"Maryam!"

"Abee, mama."

Sauti ilitoka kwenye fulana, na fulana ikajaa. Kwanza kifua kilipanda kama cha mtu anayevuta pumzi, kisha mabega yakachongoka ndani ya kitambaa, kisha ikanyanyuka kutoka mkekani, tupu mikononi, tupu shingoni, ikasimama hewani kwa urefu wa msichana wa miaka kumi na miwili. Herufi kifuani zilikuwa hazijalala tena. Zilikuwa zimesimama wima, vikucha vimekunjwa ndani, ngumu kama misumari. Salfa ikajaa uani hadi macho yakawatoka machozi. Mwanamke mmoja alianza kusoma dua, mwingine akamtaja Bikira Maria, na ngoma zikazidi kulia.

"Umeitika," alisema Kungwi. "Vizuri. Piga goti."

Fulana haikutikisika.

"Mama zako hawa hapa. Waamkie."

"Mimi nimeitwa, nimeitika," ilisema ile sauti, bado tamu, bado ya kitoto. "Jina ni langu. Nifungulieni njia nitoke."

"Hapa wamepiga goti mabinti wa madiwani," alisema Kungwi Yasinta. "Wewe ni nani?"

"Sipigi goti kwa udongo."

Kina mama wakaguna, halafu mmoja akapiga kigelegele cha dhihaka, wa pili akamfuata, na mle ndani ya ukungu wanawake wazima wenye wajukuu walianza kulicheka jini, wakaliimbia ule wimbo wa kumsuta mwali mvivu anayetaka kutoka bila kufundwa, na kadiri walivyoimba ndivyo ile fulana ilivyozidi kukaza, na kadiri ilivyokaza ndivyo shingo ya Tausi ilivyozidi kulala, sikio likagusa bega, likalikandamiza, ngozi ya upande wa pili ikavutika hadi mishipa ikaonekana, na mfupa mmoja mahali fulani ndani ukalia kama kijiti kinachokaribia kuvunjika, na ile sauti tamu ikasema katikati ya wimbo, polepole, kwa Sikuzani peke yake, "Sema *chukua*, mama. Neno moja tu. Nami nitamnyoosha."

Ngoma zikakatika. Wote walimtazama Sikuzani.

Neno lilimfika mdomoni. Mama gani lisingemfika? Alimwona mwanawe akigeuza macho kumtafuta kutoka kwenye ile shingo iliyopinda, na moyo ukamwambia sema, lisemwe, liishe, jina ni hewa tu. Kisha akayatazama yale macho vizuri. Hayakuwa yakimwomba aseme. Yalikuwa yamekasirika, yamekasirika vibaya sana, kama yake.

"Sisemi," alisema Sikuzani. Alikuwa analia na hakujifuta. "Mwanangu hata akitembea upande hadi kufa, atatembea na jina lake. Wewe simama tu hivyohivyo."

Akaigeuzia fulana mgongo. Akamsogelea mtoto, akaita si kwa kelele, aliita kama mtu anayemwita mwanawe aje kula.

"Maryam."

"Abee," ilisema fulana nyuma yake.

"Maryam, mwanangu."

"Abee! Abee, mama! Nimeitika mimi!"

Msichana hakuwa na sauti ya kuitikia, ilikuwa imeshachukuliwa. Lakini goti lake la kulia lilitetemeka, likakunjika. Akashuka upande, mkono ukitafuta ardhi, akajishika, akatulia juu ya goti. Midomo ikafunguka, na kilichotoka kilikuwa kikavu na chembamba, lakini kila mtu alikisikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maryam," alisema Sikuzani.

Mtoto akageuka kwa Bi Somoe. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mke mwenzangu, marahaba." Akageuka kwa kungwi. Akawazunguka wote kwa goti lile, na kwa kila marahaba shingo ilinyanyuka kidogo, na kwa kila marahaba fulana ililegea kidogo, hadi bibi wa mwisho, aliyekuwa kiziwi na ilibidi aamkiwe mara mbili, alipoitikia, kitambaa kikaanguka mkekani kama nguo yoyote iliyovuliwa. Shingo ya Maryam haikunyooka kabisa. Ilibaki imeinama kulia kidogo tu, na hadi leo iko hivyo. Wengine husema inampendeza.

Vigelegele vilipasua ukungu. Walimvika kanga mpya, wakampaka unga usoni, Kungwi akaufungua mlango wa ua, na wimbo wa kutoka ukaanza. Sikuzani alikuwa wa mwisho, amemshika binti yake mkono, mguu mmoja umeshavuka fito, aliposikia.

"Shi... ka... moo."

Wimbo ukayumba. Sauti ilikuwa imetoka nyuma, kwenye ua mtupu. Haikuwa tamu tena. Ilikuwa nzito, ya umri usiojulikana, ikilitamka lile neno kama mtu anayemeza jiwe.

Sikuzani akageuka. Ile fulana ilikuwa imeinuka tena juu ya mkeka, lakini haikusimama. Ilikuwa imekunjika kiunoni, imeinama mbele, shingo yake tupu imegusa mkeka.

"Shikamoo, mama."

Hakuna mzee wa uwanda ule aliyewahi kuacha shikamoo ya mtoto ikaanguka chini. Bibi kiziwi, ambaye safari hii alisikia vizuri sana, alikuwa ameshafungua kinywa kwa mazoea ya miaka sabini, na Kungwi Yasinta akakiziba kwa kiganja, maana kuliitikia ni kuanza kulipa jina. Wengine waliuma midomo. Wote walimtazama Sikuzani, maana aliyeamkiwa ni yeye.

Alikitazama kile kilichoinama kwa muda. Kisha akaupokea wimbo pale ulipokatikia, kwa sauti yake yote, wenzake wakamfuata, na wakatoka na Maryam hadi barabarani wakiimba bila kupumzika, kwa sababu kila walipovuta pumzi waliisikia nyuma yao ndani ya ukungu, ikiamkia, ikingoja, ikiamkia tena.